Magongo Chini ya Kitanda

Kila asubuhi isiyo ya shule, kabla jua halijaanza kuuma, Celestine Aoko alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kuanika omena. Mama yake, Dorca, alizinunua mbichi ufuoni na kuzimimina juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa uani. Celestine aliyaegemeza magongo yake kwenye kibanda cha kuku, akajongea kwa magoti, akazitawanya omena kwa viganja mpaka kila kisamaki kikapata nafasi yake juani. Jogoo aliyethubutu kusogea alirushiwa kijiti, na Celestine hakuwa mtu wa kukosa shabaha.

Miguu yake ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Lakini mikono yake ilikuwa ya kuogopwa! Kwa mikono hiyo alipika, alifua, na aliwasuka nywele nusu ya wasichana wa Gredi ya Sita. Wavulana waliojaribu kushindana naye kulaza mikono mezani waliondoka wakisingizia kwamba walikuwa na jipu begani.

Jambo moja tu lilimkosesha usingizi. Shule yao ya ufuoni iliishia Gredi ya Sita. Gredi ya Saba ilikuwa kule juu, karibu na barabara ya lami, na kwa magongo yale ya mbao Celestine asingefika hata nusu ya njia. Baba yake, Bildad, aliyekuwa akimbeba kwa baiskeli, sasa alikuwa fundi wa ujenzi huko Sondu na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Bila njia ya kufika shuleni, mwezi wa kwanza ungemkuta uani na omena zake, huku wenzake wakipita na sare mpya.

Siku moja sokoni Kombewa alikuwa amemwona mwanamume asiyeweza kutembea akipita juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, akizungusha pedeli kwa mikono. Tangu siku hiyo Celestine aliiota baiskeli ile usiku na mchana.

Kwa hiyo mzee wa kijiji alipotangaza kwamba Jumamosi angekuja afisa wa kaunti kuwaona watu wenye ulemavu na kujua wanahitaji msaada gani, moyo wa Celestine uliruka kwa furaha. Wa mama yake ulijikunja.

Dorca alikuwa na sababu. Miaka michache nyuma walikuja watu wenye kamera. Walimvua Celestine viatu, wakamkalisha mavumbini, wakampiga picha na kuahidi kurudi na msaada. Hawakurudi. Baadaye Dorca alikwenda soko la Kibuye kuuza omena zake, akamwona binti yake ametundikwa ukutani dukani, kwenye kalenda, peku na uso wenye vumbi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Dorca alikuwa ameumwa.

Jirani yao, Mzee Odongo, ndiye aliyekuja kuumwagia moto mafuta. Mzee huyu alishona nyavu mlangoni kwake tangu asubuhi hadi jioni. Kila akikosa tundu la wavu aliulaumu upepo, hata siku ambazo ziwa lilikuwa limetulia tuli.

"Mama Celestine, hao watu hawaji kutoa. Wanakuja kukata watu kwenye orodha ya msaada," alisema asubuhi ile ya Jumamosi, akichungulia njiani kana kwamba afisa amejificha kichakani. "Akiona mtoto anaweza hata kuosha kikombe, anaandika kwamba anaweza, na hapo mmekwisha. Mfiche huyo mtoto mikono!"

"Kweli, Mzee?"

"Kwani mimi ni mtoto? Nawajua hao."

Mzee Odongo hakuwa amewahi kumwona afisa hata mmoja, lakini maneno yake yalimwingia Dorca. Mara Celestine alipomaliza kukaanga samaki wa mgeni, mama yake alimketisha kwenye mkeka karibu na mlango, akamfunika miguu kwa leso.

"Sikiliza, nyathina, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mgeni akija, mikono yako ikae hapa mapajani. Usishike kitu. Usiseme maneno mengi. Mimi nitajibu."

"Lakini Mama, huo si uongo?"

"Ni akili. Wale wa kamera waliambiwa ukweli, wakatupa nini?"

Celestine alipogeuka kutafuta magongo yake, hakuyaona. Mama yake alikuwa ameyaficha, na hakumwambia wapi.

Mgeni alifika kwa pikipiki. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa begani na sauti ya taratibu. Sauti hiyo ya taratibu ndiyo iliyomtia Dorca wasiwasi zaidi, kwa maana hata wale wa kamera walikuwa wapole.

"Naitwa Lorna Khaemba," alisema baada ya kukaribishwa. "Kazi yangu ni kufanya tathmini. Yaani naangalia mtu anaweza nini, hawezi nini, na ni kitu gani kitamsaidia. Celestine, hujambo? Unapenda kufanya nini?"

"Hawezi kufanya kitu, Madam," Dorca alijibu haraka.

Madam Khaemba alimtazama Celestine, akamtazama mama yake, kisha akaandika. Celestine alisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Aliandika nini huyu?

Punde kalamu hiyo ikaanguka. Ilibingirika juu ya mkeka ikasimama karibu kabisa na goti la Celestine. Mkono wake ulikwisha kuinuka alipokumbuka. Akaurudisha mapajani. Huu ni mtego, aliwaza, anataka kuona kama nitaiokota! Madam Khaemba aliinama akaiokota mwenyewe, na Celestine akaona aibu kana kwamba amemnyima mgeni maji.

Mambo yakazidi kuwa ya ajabu. Mgeni alitoa utepe wa kupimia, akapima upana wa mlango. Akatoka nje, akapima kizingiti. Akauliza choo kiko wapi, akaenda kukitazama, akarudi na kuandika tena.

"Anapima mlango wa nini?" Dorca alinong'ona. "Anataka kutujengea au kutuhamisha?"

"Sijui, Mama."

"Nyamaza basi, anakuja."

Sasa, katika nyumba za ufuoni mgeni haondoki bila kula, hata awe mgeni unayemshuku. Dorca akaleta ugali na samaki. Maji ya kunawa yakapitishwa, na yalipomfikia Celestine, mama yake akayapitisha mbele kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Kisha akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akamlisha binti yake mdomoni.

Celestine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hakuwa amelishwa tangu alipoota meno. Alilimeza tonge lile kwa machozi, na mikono yake ikatulia mapajani.

"Hawezi kula mwenyewe?" Madam Khaemba aliuliza.

"Hawezi," Dorca alisema bila kuinua macho.

"Pole sana. Samaki huyu lakini amepikwa akapikika! Nani amempika?"

Nje jogoo aliwika.

"Mimi," Dorca akasema.

Uongo ni kama omena: humpati mmoja peke yake. Celestine aliinamisha kichwa. Samaki yule alikuwa amemparua, amemkaanga na kumtilia nyanya yeye mwenyewe, na sasa hata sifa ya kitoweo chake alikuwa amenyang'anywa.

Baada ya chakula Madam Khaemba alifunga mkoba wake polepole. Uso wake ulikuwa na huzuni.

"Mama Celestine, nitakuambia nilivyoona. Nilipokuja nilidhani nitamwombea baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono, ili aende shule mwenyewe. Lakini ile inataka mikono yenye nguvu. Kwa hali hii anahitaji kiti cha kusukumwa, chenye kushika mgongo na shingo. Ninacho kimoja tu kwa sasa. Nilikuwa nimekiweka kwa mtoto mwingine wa ufuo huu huu, lakini huyu naona amezidiwa. Na kuhusu shule, itabidi tuangalie kituo cha bweni chenye watu wa kumlisha na kumwosha. Kiko mbali, lakini watamtunza."

Celestine alihisi masikio yakivuma. Baiskeli aliyoiota ilikuwa imefika mpaka mlangoni, na yeye mwenyewe ameifukuza kwa kuficha mikono! Tena kulikuwa na huyo mtoto mwingine. Ufuo mzima ulimjua mtoto asiyeweza kuishika shingo yake. Alikuwa Sydney, mwana wa Mama Akello, aliyelala kwenye mkeka mchana kutwa akitazama paa. Kiti cha Sydney kilikuwa kinakuja kwake.

Alimtazama mama yake. Dorca alikuwa ameshika ncha ya leso yake na kuisokota.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Mtu wa ufuoni hahitaji kutazama angani. Mvua hutuma harufu yake kutoka ziwani kabla haijafika. Dorca aliruka.

"Yawa! Omena!"

Zilikuwa zimebaki saa chache tu zikauke. Omena zikilowa wakati huo huoza, na zilizooza huishia kuwa chakula cha kuku. Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya soko kubwa la Kibuye. Dorca alikimbilia uani, akashika wavu upande mmoja, upepo ukauinua upande wa pili na omena zikamwagika mchangani. Madam Khaemba alitupa mkoba, akajifunga leso kiunoni na kutoka mbio. Nia yake ilikuwa nzuri, lakini hakujua hata pa kushika.

Celestine alitazama kutoka mlangoni. Matone ya kwanza yalianguka mazito. Aliwaza juu ya Sydney na paa lake. Akawaza juu ya lile tonge. Mikono ikamtoka mapajani.

"Madam, siyo hivyo!" alipaza sauti. "Upande wa ziwa kwanza! Kunja na upepo, usishindane nao!"

Madam Khaemba aligeuka, mdomo wazi.

"Mama!" Celestine aliita tena. "Magongo yangu yako wapi?"

Dorca alisimama kama kigingi, wavu mkononi, maji yakimtiririka usoni. Alimtazama mgeni. Akamtazama binti yake. Kisha kitu fulani kikamshinda, akapiga kelele:

"Chini ya kitanda!"

Celestine alitambaa, akayavuta, na kufumba na kufumbua alikuwa uani. Alijitupa juu ya pembe ya wavu ili upepo usiunyanyue. "Mama, shika kule! Madam, lete hiyo pembe kwangu, haraka!" Alivuta, akakunja, akafunga fundo, akasogelea wavu wa pili. Mwalimu wa michezo angetamani sauti ile. Mvua ilipomwagika sawasawa, omena zote zilikuwa ndani isipokuwa zile zilizomwagika mwanzo, na watatu hao walikuwa wameketi sakafuni wakitweta, magamba na mchanga mpaka kwenye nyusi.

Hakuna aliyecheka. Mvua ilipiga mabati, na Dorca alijua kwamba yote yameharibika.

Celestine ndiye aliyesema kwanza. "Madam, tumekudanganya. Nakula mwenyewe. Samaki nilimpika mimi. Mikono yangu haina kasoro. Usimnyang'anye Sydney kiti chake kwa ajili yangu."

"Kosa ni langu," Dorca alidakia. "Mtoto alikataa, nikamlazimisha. Niliogopa. Niliambiwa ukiona anaweza kitu, unamkata. Sasa tukate tu, tumezoea. Na kama una kamera, toa upige picha uende."

Madam Khaemba alijifuta uso kwa ncha ya leso. Alikuwa amekasirika kidogo, na hakuficha.

"Kamera sina. Lakini mmenitia uchungu, Mama Celestine. Kidogo tu ningempeleka mtoto huyu mbali nawe bila sababu, na yule mwingine angekosa kiti. Mliniona kama askari. Wewe hushonesha nguo?"

"Hushonesha."

"Fundi akikupima, ukavuta tumbo ndani ili uonekane mwembamba, nguo itakubana wapi?"

Dorca alifikiri. "Nyumbani."

"Itakubana nyumbani, na fundi hayupo. Mimi nami ni mpimaji. Napima mlango nijue baiskeli itapita. Naangalia choo nijue kama kinahitaji mahali pa kushika. Mtu akijifanya hawezi, nampa kisichomfaa. Na akijifanya anaweza, ni vivyo hivyo."

"Na kalamu?" Celestine aliuliza kwa woga. "Uliiangusha ili unijaribu?"

"Kalamu?" Madam Khaemba alishangaa, kisha akaangua kicheko, cha kwanza siku hiyo. "Iliniponyoka tu, mwanangu!"

Akachukua karatasi mpya. "Tuanze upya. Na safari hii namuuliza Celestine mwenyewe. Umeniambia unachoweza. Sasa niambie usichoweza."

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Celestine alizoea kusema 'naweza'. Alitazama mikono yake, akatazama mvua mlangoni.

"Magongo yananichubua makwapa," alisema hatimaye. "Kupanda mlima siwezi. Lakini kuna njia ya kuzunguka kupitia sokoni, haina mwinuko mkali, na baiskeli inaweza kupita. Na... shuleni sinywi maji."

"Hunywi maji? Kwa nini?" Dorca aligeuka.

"Choo cha shule kina utelezi, Mama. Hakuna mahali pa kushika. Nilianguka mara moja, wakacheka. Tangu siku hiyo nakaa na kiu mpaka jioni nirudi nyumbani. Ndiyo maana kichwa huniuma."

Dorca aliweka mkono mdomoni. Kwa muda mrefu alikuwa amempa binti yake dawa za kichwa, akidhani ni jua. Machozi yakamtoka pasipo kujizuia, akamvuta Celestine kifuani, magamba na yote.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," Madam Khaemba alisema kwa upole, akiandika. "Umefanya vizuri kusema. Kwa hayo nitazungumza na mwalimu mkuu. Magongo mapya ya kukutosha, baiskeli ya mikono, na mahali pa kushika chooni: hayo nitayaombea. Siwaahidi kesho. Kuna foleni, na mimi sipendi kuahidi nisichonacho. Lakini nitarudi niwaambie tumefika wapi, hata kama jibu si zuri."

Dorca hakumwamini moja kwa moja. Wiki zilipita, na kila pikipiki iliyonguruma njiani ilimfanya achungulie kisha arudi ndani akiguna. Mzee Odongo naye alitikisa kichwa. "Sikuwaambia? Huyo amekwenda na upepo."

Lakini Madam Khaemba alirudi. Alirudi mara ya kwanza kusema bado, na mara ya pili na magongo. Sydney alipata kiti chake, na jioni Mama Akello alianza kumsukuma mpaka ufuoni akaangalie mashua badala ya paa. Shule zilipokaribia kufunguliwa mwezi wa kwanza, gari dogo lilisimama uani na baiskeli ya magurudumu matatu ikateremshwa. Ilipita mlangoni bila kugusa ukuta.

Celestine alizungusha pedeli, akazunguka kibanda cha kuku, na jogoo akakimbia kuokoa maisha yake. Watoto walipiga makofi. Dorca alisimama kizingitini akicheka na kulia kwa pamoja, na mgeni aliposema anaondoka, alimshika mkono.

"Leo utakula kwanza," alisema. "Na huyo samaki amepikwa na binti yangu. Uandike hivyo."

Walikuwa wakinawa mikono Mzee Odongo alipobisha hodi. Alisimama mlangoni akiwa na wavu begani, akakohoa, akatazama chini.

"Madam," alianza, "nina swali dogo. Si langu, ni la rafiki yangu. Anashona nyavu. Siku hizi matundu anayaona... yaani upepo unamsumbua."

"Rafiki yako anayaona matundu vizuri?"

"Vizuri sana! Macho yake ni ya mwewe. Ila tu..."

Celestine aliinua kichwa. Aliutazama ule wavu begani kwa mzee, umeshonwa kombokombo kama kazi ya mtoto wa chekechea, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini upepo ulilaumiwa hata siku ziwa likiwa limetulia. Alimwonea huruma. Kwa muda gani mzee huyu amekuwa akiogopa peke yake?

Dorca alivuta kiti, akakiweka karibu na Madam Khaemba, akampokea mzee wavu wake kwa heshima.

"Keti, Mzee," alisema. "Huyu hakati mtu. Mwambie unachoona na usichoona, kimoja kimoja. Sisi tulimficha, na kidogo tu tumpoteze mtoto." Akamsogezea maji ya kunawa. "Usivute tumbo."